Mgeni Akishikwa Kolwezi: Namna ya Kupinga Kizuizi cha Uhamiaji Mahakamani

Mgeni akishikwa na watu wa DGM, idara ya uhamiaji, hapa Kolwezi, jambo la kwanza ambalo jamaa na wenzake wa kazini huuliza ni bei. Wanapigiana simu, wanachangishana, mmoja anatumwa na bahasha. Naelewa hofu hiyo, na simlaumu mke ambaye mumewe hajarudi nyumbani. Lakini pesa iliyotolewa bila karatasi haimalizi neno. Jina linabaki daftarini, pasipoti inabaki mezani kwa mtu, na mwezi ujao mlango unagongwa tena. Kabla ya kuuliza bei, uliza mambo mawili: ameshikwa kwa karatasi gani, na tangu saa ngapi? Sheria ya Kongo imekiwekea kila kizuizi saa zake na siku zake. Saa hizo zikipita bila karatasi mpya, hata mtu ambaye viza yake imekwisha kweli anashikiliwa kinyume cha sheria, na hapo ndipo wakili anapopata pa kusimama.

Haya nayaandika kwa ajili ya dereva Mtanzania anayeleta mzigo kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Tunduma, Nakonde na Kasumbalesa, akarudi na katodi za shaba. Kwa fundi Mzambia anayefanya kazi kwenye kampuni ndogo iliyopewa kandarasi na mgodi. Kwa Mchina, Mhindi au Mlebanoni ambaye mwajiri wake alimwambia karatasi zinashughulikiwa. Na zaidi kwa wale wanaobaki nje, kwa sababu aliye ndani mara nyingi amenyang'anywa simu na kesi yake inabebwa na miguu ya wengine.

Nani anamshikilia?

DGM, yaani Direction Générale de Migration, iliundwa kwa dekreti-sheria nambari 002/2003 ya tarehe 11 Januari 2003, na iko chini ya wizara ya mambo ya ndani. Sheria kuu ya wageni ni ya zamani zaidi: ordonnance-loi nambari 83-033 ya tarehe 12 Septemba 1983, ya enzi za Mobutu, ambayo bado inatumika. Andika nambari hiyo mahali, maana ofisini watu wengi huitaja bila kuisoma.

Mgeni anaweza kushikwa kwa njia tatu, na kila njia ina saa zake na mahakama yake.

Ya kwanza ni kosa la jinai. Ofisa mwenye hadhi ya OPJ, yaani mwenye mamlaka ya kupeleleza makosa ya jinai, awe wa polisi au wa uhamiaji, anadai kwamba mgeni amevunja sheria: ameingia bila viza, ametumia hati ya kughushi, au amekutwa akichimba au kununua madini pasipo haki. Jambo hili la madini ni zito hapa kwetu. Kwa Code minier ya mwaka 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, uchimbaji mdogo ni wa Mkongo mtu mzima aliye ndani ya kooperativu. Mgeni hawezi kupewa kadi ya mchimbaji. Kwa hiyo mgeni aliyekutwa kwenye karieri anaweza kuambiwa ni suala la viza huku faili lake likiandikwa kosa la madini. Uliza ni lipi kati ya hayo.

Ya pili ni kufukuzwa nchini, ambako kwenye karatasi huitwa expulsion. Huu ni uamuzi wa juu kabisa. Sheria ya 1983 inampa Rais wa Jamhuri uwezo wa kumfukuza mgeni anayehatarisha utulivu au amani ya umma, kwa ordonansi yenye sababu zilizoandikwa, baada ya tume ya taifa ya uhamiaji kutoa maoni yake. Mkuu wa ofisi ya mkoa hana uwezo huo.

Ya tatu ni kurudishwa mpakani, refoulement, hatua iliyokusudiwa kwa mtu anayekataliwa kuingia. Hii ndiyo ya kuiangalia kwa macho mawili. Mtu aliyeishi Kolwezi miaka 10, mwenye mke, duka na watoto shuleni, si mtu anayekataliwa mlangoni. Karatasi yake ikiandikwa refoulement, ananyimwa kinga zote za expulsion: sababu zilizoandikwa, maoni ya tume, na nafasi ya kujitetea.

Kuna pia ANR, idara ya ujasusi. Ukisikia mtu wako yuko kwao, usipoteze hata nusu siku: wakili, ubalozi na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, CNDH, wajulishwe siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Saa 48

Ibara ya 18 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikuandikwa kwa ajili ya raia peke yao. Inasema kila aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na mashtaka yanayomkabili, kwa lugha anayoijua. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au wakili wake. Garde à vue, yaani kushikiliwa kabla ya kufikishwa kwa mwendesha mashtaka, isizidi saa 48. Zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria inayohusika. Na wakati wote huo atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na utu wake.

Basi fanya hivi. Mmoja wenu aende ofisini akiwa na mashahidi wawili watulivu, aulize kwa adabu: "Shefu, tumekuja kwa ajili ya ndugu yetu. Tunaomba kujua ameshikwa kwa sababu gani, na nani aliyetia sahihi." Msibishane na wala msirekodi kwa kificho, mkifumaniwa mtampa ofisa kisa cha kuwaongeza ninyi ndani. Mkitoka tu, andikeni saa mliyofika, jina au cheo cha aliyewajibu, na alichosema. Andikeni pia saa ambayo ndugu yenu alikamatwa, mahali, na nani aliona. Dereva ashuhudiwe na utingo wake na madereva wenzake wa foleni. Mfanyakazi ashuhudiwe na mlinzi wa kempu. Kumbukumbu hiyo ya saa ndiyo ushahidi wa kwanza wa kesi, na haiwezi kutengenezwa upya baada ya wiki mbili.

Kusanyeni nakala: ukurasa wa picha wa pasipoti, viza ya mwisho, risiti ya ombi la kuongeza viza kama lipo, carte de travail ambayo hutolewa kwa ombi la mwajiri, mkataba wa kazi, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Dereva aongeze hati za mzigo na za gari. Mwajiri asiruhusiwe kujificha. Kama ni kampuni iliyochelewa kumlipia mfanyakazi viza au kadi ya kazi, barua yake ya kukiri hilo ina uzito mkubwa mbele ya hakimu, na kampuni inayokataa kuiandika inaachia fundi wake mzigo wa uzembe wake yenyewe.

Kuhusu fedha: faini na ada za serikali hulipwa kwa note de perception ya DGRAD, idara ya mapato ya serikali, benki, kwa jina la anayelipa. Ukiambiwa kuna faini, omba hiyo note. Kuiomba si utovu wa heshima.

Ubalozi nao una nafasi yake. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 inamtaka anayemkamata mgeni amwambie, bila kukawia, kwamba anaweza kuomba konseli wake ajulishwe. Tanzania na Zambia zote zina ubalozi mdogo Lubumbashi, kwa hiyo kwa watu wa nchi hizo msaada hauko mbali kama Kinshasa. Konseli hawezi kuamuru mtu afunguliwe. Anaweza kumtembelea, kuuliza kwa barua rasmi kwa nini anashikiliwa, na kumtafutia wakili. Na mara nyingi barua hiyo ndiyo inayomlazimisha mtu fulani kufungua faili.

Kama huna pesa ya wakili, nenda kwenye chama cha mawakili cha mkoa wetu wa Lualaba, uombe Bureau de consultations gratuites. Ofisi hiyo ya ushauri wa bure imewekwa na sheria ya mawakili ya mwaka 1979, na haiwahusu Wakongo tu. Mashirika ya haki ya Kolwezi kama CAJJ na IBGDH yamezoea zaidi mashauri ya wafanyakazi wa migodi na ya watu walioondolewa kwenye ardhi zao, lakini wanajua ni wakili yupi anaamka usiku na yupi haamki.

Mtu ambaye kesi yake iliishinda Kongo

Kila wakili wa wageni katika nchi hii anapaswa kuwa na nakala ya kesi ya Ahmadou Sadio Diallo kwenye mkoba wake. Diallo alikuwa mfanyabiashara wa Guinea aliyefika Kongo mwaka 1964 na kuishi huko miaka 32. Alikuwa na kampuni mbili, Africom-Zaïre na Africontainers-Zaïre, na alikuwa akiidai serikali na makampuni makubwa ya mafuta fedha nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1995 waziri mkuu alitia sahihi dekreti ya kumfukuza. Tarehe 5 Novemba alikamatwa. Alikaa ndani siku 66 mfululizo, akafunguliwa tarehe 10 Januari 1996, akakamatwa tena si baada ya tarehe 25 Januari, na tarehe 31 Januari akapandishwa ndege akaondolewa. Karatasi aliyopewa mwisho iliandikwa refoulement, kwa sababu ya kukaa bila kibali.

Guinea iliishtaki Kongo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mwaka 1998. Hukumu ilitoka tarehe 30 Novemba 2010, na sehemu kubwa yake inahusu sheria ile ile ya 1983 ambayo bado inatumika Kolwezi leo. Mahakama iliisoma mstari kwa mstari. Sheria hiyo inaruhusu kumfunga mgeni anayesubiri kufukuzwa, kama inahofiwa atakwepa, kwa saa 48, ambazo zinaweza kuongezwa saa 48 nyingine na nyingine, lakini zote pamoja zisizidi siku 8. Siku 66 na siku 8 hazikaribiani. Zaidi ya hapo, hakuna aliyeonyesha kwamba wakuu walijiuliza hata mara moja kama kumfunga kulikuwa na lazima. Mahakama ikasema kizuizi hicho kilikuwa cha kiholela.

Dekreti yenyewe pia ilianguka. Tume ya uhamiaji haikuombwa maoni. Sababu iliyoandikwa, kwamba mwenendo wake ulivuruga utaratibu wa umma katika uchumi, fedha na sarafu, ilikuwa pana mno kiasi kwamba ni sawa na kutotoa sababu. Na Kongo ilipodai kwamba neno refoulement, hatua ambayo kwa sheria yake haina rufaa, liliandikwa kwa makosa, na kwamba Diallo alipaswa kulalamika kama mtu aliyepewa expulsion, majaji walikuwa wamekwisha kuikatalia mwaka 2007: serikali haiwezi kufaidika na kosa la watumishi wake la kuandika jina lisilo sahihi ili kumnyima mtu njia ya kulalamika.

Kuhusu konseli, hukumu inasema jambo ambalo maofisa wengi hawalijui. Anayekamata ndiye mwenye wajibu wa kumweleza mgeni haki yake, kwa hiari yake mwenyewe na mara moja. Kwamba ubalozi ulipata habari kwa njia nyingine hakumwondolei wajibu huo. Tarehe 19 Juni 2012 Mahakama iliiamuru Kongo ilipe dola 95,000 za Marekani.

Siyo kila dai la Guinea lilikubaliwa. Mateso hayakuthibitishwa, na madai ya Diallo kuhusu haki zake kama mwenye hisa yalikataliwa. Kilichoshinda ni tarehe, sahihi na karatasi.

Kwenda mbele ya hakimu

Nchi jirani zilizorithi sheria ya Waingereza zina habeas corpus, ombi moja linalomlazimisha anayemshikilia mtu amlete mahakamani. Kongo haina utaratibu mmoja wenye jina hilo. Ina milango kadhaa, na wakili mzuri hagongi mmoja tu.

Kama shauri ni la jinai, mlango uko wazi zaidi. Baada ya saa 48 za OPJ, faili linapaswa kufika parquet ya Kolwezi, ofisi ya mwendesha mashtaka. Mwendesha mashtaka anaweza kumwachilia mtu au kutoa mandat d'arrêt provisoire, MAP. Pale ambapo hakimu yuko mji huo huo, kama ilivyo Kolwezi, MAP inampa siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu wa Tribunal de paix, ile ambayo watu huiita Tripaix. Hakimu ndiye anayeamua kama kuna sababu ya kumweka ndani: agizo la kwanza ni la siku 15, halafu huongezwa mwezi kwa mwezi. Siku ya kusikilizwa ni siku ya kusema kila kitu: saa ya kukamatwa, karatasi iliyokosekana, anwani ya kudumu, kazi, familia. Omba liberté provisoire, ukiwa tayari na mdhamini na dhamana. Agizo likitoka vibaya, rufaa ni ndani ya saa 24 tu tangu mshtakiwa alipojulishwa. Wakili akisema ataangalia kesho kutwa, tafuta mwingine.

Shida kubwa ni kizuizi cha kiutawala, pale mtu anapokaa kwenye chumba cha ofisi bila MAP, bila expulsion, akisubiri "maagizo ya juu". Hapo anza na barua kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu parquet ndiyo inayowasimamia OPJ na inaweza kukagua mahali wanapowekwa watu. Wakati huo huo, wakili afungue ombi la haraka kwa hakimu wa utawala. Sheria nambari 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016, iliyopanga mahakama za utawala, imeleta référé-liberté: uamuzi wa ofisi ukigusa vibaya uhuru wa msingi, kwa namna iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria, hakimu anaweza kuagiza lolote linalohitajika kuuokoa uhuru huo, na anapaswa kusema neno lake ndani ya saa 48. Njia hii bado ni ngeni kwa watu wengi, hata kwa baadhi ya mawakili, na ndiyo sababu naisisitiza. Uamuzi wa ofisi ya mkoa huenda kwenye mahakama ya utawala ya hapo; pale ambapo mahakama hizo hazijawekwa, Cour d'appel ndiyo inayoshika kazi yake. Uamuzi wa Kinshasa, wa waziri au wa mkurugenzi mkuu, huenda Conseil d'État.

Kufuta uamuzi wenyewe ni safari nyingine, ya polepole. Kwanza unaandika malalamiko kwa aliyeutoa, ndani ya miezi 3. Akinyamaza miezi 3, ukimya wake ni jibu la kukataa, na hapo ndipo unakwenda kwa hakimu. Usingoje safari hiyo iishe ndipo uombe mtu afunguliwe. Lakini ianze, isije ikasemwa baadaye kwamba ulikubali.

Ombi lenyewe liwe fupi. Wakili ataliweka kwa Kifaransa, lugha ya faili, lakini maana yake ijulikane na familia. Kwa mfano: "Mlalamikaji, raia wa Tanzania, dereva, alikamatwa Kolwezi Jumanne saa 4 asubuhi mbele ya mashahidi wawili. Hadi sasa, saa 70 zimepita. Hajaonyeshwa MAP, wala ordonansi ya kufukuzwa, wala andiko lolote lenye sababu. Hakuelezwa kwamba anaweza kumwita konseli wake. Nakala za pasipoti na viza yake ya safari zimeambatishwa. Kumshikilia hivi kunavunja ibara ya 17 na ya 18 ya Katiba, na ibara ya 9 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Anaomba aachiliwe mara moja, arudishiwe pasipoti yake, na kwa vyovyote asiondolewe Kolwezi kabla ombi hili halijaamuliwa."

Sentensi ile ya mwisho isisahaulike. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kilomita zaidi ya 300, na mtu aliyekwisha kuvushwa Kasumbalesa ombi lake linabaki halina mwenyewe.

Upande wa pili watasema sheria ya 1983 inawapa siku 8. Jibu liwe na ngazi mbili. Kwanza, siku 8 ni za mtu aliyekwisha kutolewa uamuzi wa expulsion, na hata kwake kila saa 48 zinahitaji uamuzi mpya. Tuonyesheni uamuzi huo. Pili, ibara ya 221 ya Katiba inaziacha sheria za zamani zikiwa hai kwa kadiri ambavyo hazipingani na Katiba yenyewe, na ibara ya 215 inaiweka mikataba iliyoridhiwa juu ya sheria. Zaire iliingia kwenye Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na ibara yake ya 9 inampa kila aliyenyimwa uhuru haki ya kwenda mahakamani ili hakimu aamue bila kuchelewa. Wakisema hayo ni ya wakati wa amani tu, waonyeshwe ibara ya 61: haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziondolewi hata wakati wa hali ya hatari.

Mkimbizi, na Mkongo anayedhaniwa mgeni

Aliyekimbia vita au mateso hapaswi kupimwa kwa viza. Sheria nambari 021/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalinda wakimbizi na waombaji hifadhi, na tume inayowashughulikia ni CNR, ikishirikiana na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mwambie ofisa, kwa sauti ya kusikika na mbele ya watu, neno "naomba hifadhi", kisha liandikwe. Ni kosa kubwa kumrudisha mtu mikononi mwa waliomkimbiza huku ombi lake halijasikilizwa.

Halafu kuna Mkongo anayetiliwa shaka kwa uso, kwa jina au kwa lafudhi. Ibara ya 30 ya Katiba inasema hakuna Mkongo anayeweza kufukuzwa nchini au kulazimishwa kuishi nje ya makazi yake ya kawaida. Katika mkoa huu maneno hayo yana historia chungu: mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines na familia zao, walitolewa majumbani mwao Likasi na Kolwezi na kupakiwa kwenye treni, na wengi walikufa vituoni na njiani. Walikuwa raia. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akishikwa, kesi yake isiandikwe kama ya mgeni anayeomba huruma. Iandikwe kama ya raia, kwa kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa wazee wa mtaa, na sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004.

Kama aliyeshikwa yuko ng'ambo

Watoto wa Kolwezi nao hushikwa katika nchi za wengine. Zambia, habeas corpus hufunguliwa Mahakama Kuu, kwa hiyo mtafutie wakili wa huko, si wa hapa. Uonevu wa kufukuza watu kwa makundi ulikwisha kulaaniwa katika kesi ya huko huko: mwaka 1992 Zambia iliwatoa Waafrika wa Magharibi 517, baadhi wakiwa wamewekwa kambini zaidi ya miezi 2, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba walinyimwa haki ya kusikilizwa. Afrika Kusini, ambako Wakongo ni wengi, Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 29 Juni 2017 kwamba mgeni aliyewekwa kizuizini afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Mpigie aliye huko umwambie hivyo, maana huenda hakuna aliyemwambia.

Akisha kutoka

Usitupe karatasi. Kumkamata mtu kiholela ni kosa chini ya ibara ya 67 ya Code pénal, adhabu yake mwaka 1 hadi 5, na zaidi kama aliteswa. Malalamiko hupelekwa parquet. Fidia huombwa Tribunal de grande instance, chini ya ibara ya 258 ya kitabu cha tatu cha Code civil, inayomtaka kila aliyeleta madhara kwa kosa lake alipe. Kama aliumizwa, apate cheti cha daktari siku hiyo hiyo ya kutoka, kabla majeraha hayajafifia.

Kuna mlango mwingine ambao Lualaba bado haujazoeleka. Tangu tarehe 11 Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Mahakama ya Jumuiya iliyoko Arusha hupokea kesi ya mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama, bila kumtaka amalize kwanza mahakama za nchi. Samuel Mukira Mohochi, wakili wa Kenya, alizuiwa uwanja wa ndege wa Entebbe tarehe 13 Aprili 2011 na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Uganda ilijitetea kwa mamlaka yake ya kuamua nani aingie. Tarehe 17 Mei 2013 majaji walisema mamlaka hiyo haiifuti ahadi ambayo nchi imeiweka katika Mkataba wa Jumuiya, na kwamba kumrudisha bila sababu na bila utaratibu wa haki kulivunja Mkataba huo.

Ila kesi ya Arusha lazima ifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu tendo lilipotokea au tangu mlalamikaji alipolijua. Mahakama hiyo haiongezi muda: kesi ya Mlima Elgon dhidi ya Kenya, iliyohusu mateso na mauaji ya watu wengi, ilitupwa kwenye rufaa mwaka 2012 kwa kuchelewa. Kama ndugu yako ametoka kizuizini wiki hii, hesabu kuanzia siku aliyokamatwa, na umwone wakili kabla mwezi wa kwanza haujaisha.